Siku Nilipopiga Mbizi na Firigisi Tumboni

Jumapili jioni, mwezi wa pili. Kimilili ni vumbi tupu, jua limechoma tangu asubuhi na mlima hauonekani kwa moshi wa mashamba. Mabega yananiuma. Moyo uko juu.

Wacha niandike kitu ambacho wengi wanajua lakini wanaona haya kusema. Kuanzia Bumula mpaka Kitale, mtu wa kuitwa maji yakikasirika ni mmoja tu. Si polisi, si mbunge. Ni mimi. Trans Nzoia yote ile ina wanaume, wana gamubuti, wana trekta, lakini juzi jioni simu ililia hapa Kimilili.

Aliyepiga ni shemeji Wanjala, ndugu ya mke wangu Nasimiyu. Kwao ni nje kidogo ya Kitale. Mama yao, yaani mama mkwe wangu, ana vitalu sita vya miche ya kabeji, na hiyo miche ndiyo imemshikilia tangu mzee atuache. Akina mama wa kanisa lao wote huchukua kwake mvua ikikaribia. Maji anavuta kwa pampu kutoka lile bwawa kubwa lililochimbwa enzi za wazungu. Sasa upepo ukakata kamba, mpira mnene wa kuvuta maji ukachomoka kwenye injini, ukateleza wote ndani pamoja na kile chuma cha chujio kilicho mdomoni. Mpira mwingine wa saizi ile ni wa kuagiza, ungoje wiki. Miche ilikuwa siku ya tatu bila kunywa. Wanjala aliniambia imelala chini kama watu waliotoka matanga.

Mtu wa kuingia na kuufunga kamba hakuwepo. Wanjala hajui kuogelea. Majirani nao wanasema lile bwawa lina mwenyewe, na si binadamu.

Ndipo mama mkwe akasema, si tuko na mkwe aliyekuwa mpiga mbizi Mombasa?

Hapo nieleze, kwa sababu hii ni shajara na si baraza. Nikiwa kijana nilifanya kazi ufuoni Mombasa miezi saba, kwa jamaa mmoja wa huko aliyeitwa Bwana Omari. Yeye alikuwa anaingiza wageni baharini kutoka ufuoni, kwa miguu, bila mashua, na mitungi ya hewa mgongoni. Kazi yangu ilikuwa kuosha zile nguo zao za mpira kwa maji ya mfereji zisioze na chumvi. Lakini anayeosha nguo za daktari hakosi kumwona akidunga sindano. Siku za mapumziko niliingia pia, na nilizama mpaka samaki wakanizoea sura.

Maneno ya Bwana Omari ninayo mpaka leo. Ingia asubuhi, upepo haujaamka. Ukikuta mawimbi, kaa kwanza uyahesabu, kwa sababu makubwa huja kwa kundi halafu yanapumua, na wewe unaingia yakipumua. Kabla hujalowesha kidole, jua utatokea wapi. Na ukiwa na shaka rudi nyumbani, bahari haihami.

Jana nilifika kwa Wanjala saa nne asubuhi. Nilipita bwawani kwanza, nikaliona limetulia kama uji kwenye bakuli. Ningeingia saa ile ile, saa tano tungekuwa tumemaliza.

Lakini mimi ni mkwe.

Mkwe hafiki akapelekwa kazini kama kibarua. Mkwe anakaribishwa, anakalishwa kiti chenye kitambaa, anaulizwa habari za kila mtu mpaka ng'ombe. Na kuku wa kunichinjia alikuwa bado anakimbia. Nilimsikia akikimbizwa nyuma ya nyumba, muda mrefu sana, na mimi niko sebuleni naangalia dirishani majani ya mgomba yakianza kucheza.

Mama mkwe sikumwona. Kwetu Wabukusu mambo ya mama mkwe si mchezo. Hamshikani mikono, hamkai chumba kimoja, mkikutana njiani mmoja anapotelea kwenye mahindi. Miaka ishirini na mbili tumesalimiana kupitia ukuta. Jana alinisalimu kutoka jikoni, nami nikamjibu nikitazama kalenda.

Saa saba na nusu chakula kikaja. Ugali kama mlima wenyewe, na juu ya nyama, firigisi. Nzima, haijakatwa. Asiyejua firigisi kwetu ni ya nani aulize. Hiyo ni ya mwenye nyumba, hapewi mtu wa kupita. Nilipoiona nilijua huyu mama amenikabidhi kitu.

Nikaila.

Tulipofika bwawani ilikuwa karibu saa tisa, na upepo ulikuwa umeshuka kutoka upande wa Cherangani na familia yake yote. Mimi nimeona bahari, na nawaambia, mawimbi yale yalikuwa urefu wa mlango. Yalikuwa yanapiga ukingo wa mawe pale kwenye pampu mpaka povu linatua kwenye injini.

Mzee Karanja, jirani anayetumia bwawa hilo hilo, alikuwa ameketi juu ya ndoo.

"Daiva," akasema, yaani mpiga mbizi kwa Kiingereza chake, "hii maji haina chumvi. Hutaelea."

"Mzee, kazi yako ni kuhesabu mara nitakazoibuka."

"Na ile moja hutaibuka, nihesabu pia?"

Wanjala alicheka peke yake, halafu akaacha.

Nikakaa juu ya jiwe nikahesabu mawimbi. Saba makubwa, kupumua kidogo. Saba tena, kupumua kidogo zaidi. Bwana Omari angeshafunga virago na kwenda kunywa kahawa. Wakati huo sauti ya mama mkwe ikatoka nyuma ya ua wa kayapa. Hakuniambia mimi, alimwambia mwanawe, kama inavyotakiwa.

"Wanjala, mwambie baba watoto wa Nasimiyu aache. Kabeji ni mboga tu."

Nakiri nilitaka kuacha. Miguu yangu ilikuwa tayari imegeuka kidogo. Lakini fikiria mwenyewe: nimekula firigisi ya huyu mama, halafu niseme upepo umezidi? Nirudi Kimilili na kuku tumboni, na miche ilale kabisa? Na sauti yake, pale aliposema ni mboga tu, ilikuwa sauti ya mtu anayezika kitu.

Nikamwambia Wanjala, "Mwambie mama miche yake inakunywa leo."

Mama akatoka nyuma ya ua. Alizunguka bwawa polepole mpaka ng'ambo, pale ng'ombe hushukia kunywa, akasimama na kutupa mgongo ili nipate nafasi ya kuvua nguo. Nilivua koti, shati na viatu. Suruali nilibaki nayo, ile ya suti. Hata kama ametupa mgongo, mama mkwe ni mama mkwe.

Nilijifunga kamba kiunoni, Wanjala akashika mwisho wake. Nikangoja la saba lipasuke, nikaingia.

Mara ya kwanza sikupata kitu. Chini ni giza la kahawia, unafungua macho au unafumba ni sawa. Unatumia mikono, na mikono inakutana na matope baridi na vitu ambavyo hutaki kujua majina yake. Kina ni mita ishirini, kama si thelathini.

Mara ya pili nikagusa chuma. Nikakosa pumzi, nikapanda, wimbi likanipiga usoni kabla sijavuta hewa. Nilisikia Karanja akisema, "Mbili." Sasa sauti yake haikuwa ya mzaha.

Mara ya tatu nilishuka nikiwa na hasira. Nikaupata mpira, ukiwa umezikwa nusu. Nilipotaka kuufunga nikagundua kamba ni moja, na iko kiunoni mwangu. Wapiga mbizi wengi hapo wangepanda kutafuta nyingine. Mimi nilijifungua, nikaifunga kwenye chuma fundo la ng'ombe, lile halifunguki hata kwa fahali, nikavuta mara mbili, ishara tuliyopatana.

Walivuta. Jamani, walivuta. Nilipoibuka niliona Wanjala, mke wake na Karanja mwenyewe wameinamia kamba kama watu wa kuvuta lori, na mpira unatoka majini kama nyoka aliyeshindwa kesi. Wakashangilia. Waliushangilia mpira. Mimi upepo ulikuwa umeshanichukua kuelekea ng'ambo, na hakuna aliyegeuka. Sikuwalaumu, kazi ilikuwa inaendelea.

Nikakata mawimbi, nikatoka upande wa pili mwenyewe, kama mamba.

Kabla jua halijashuka injini ilikuwa inanguruma. Niliyaona maji yakifika kitalu cha kwanza, yakinuka udongo uliokuwa na kiu. Karanja alinipa mkono. "Daiva, nimehesabu tatu zote," akasema, na kwa Karanja hiyo ni hotuba. Leo baada ya kanisa Wanjala amepiga simu: miche imesimama, vitalu vitano kati ya sita. Hapa Kimilili nimeshaieleza mara nne, na mara ya nne mawimbi yalikuwa urefu wa nyumba, lakini kwa kusimulia mtu huongeza chumvi hata kwenye maji matamu.

Nimesoma tena nilichoandika. Kuna neno moja linanikwama kama mfupa.

Mwenyewe.

Sikutoka mwenyewe. Nilikuwa nimekumbuka maneno yote ya Bwana Omari isipokuwa la kutokea wapi. Pale nilipoingia ni mawe, ningerudi pale ningepasuliwa kama nazi. Suruali ilikuwa imejaa maji, inanivuta miguu kama mtoto anayetaka kubebwa. Ugali ulikuwa umepanda mpaka kooni. Nilimeza bwawa, nikakohoa, nikameza tena, na wale upande ule wanashangilia mpira.

Nikaita "mama". Mtu mzima, miaka hamsini na mbili, nikaita hivyo.

Akageuka. Miaka ishirini na mbili hatujawahi kutazamana usoni, na jana tulitazamana mimi nikiwa na matope puani. Aliingia majini na gauni lake, akanyoosha mkono. Mimi, mjinga, nikasita kuushika.

"Shika," akasema. "Mila itangoja ukauke."

Mkono wake ni mgumu kama mpini wa jembe. Alinivuta mara moja, nikalala kwenye matope ya ng'ombe, nikatapika. Nilipoinua kichwa alikuwa ameshaniacha, amesimama mbali, amenipa mgongo tena kama hakuna kilichotokea. Wanjala alipokuja mbio akamwuliza nimetokaje.

"Ametoka mwenyewe," akasema. "Nimeona."

Mtu aliyesimama imara kanisani miaka yote hiyo akanidanganyia mimi, ili jina langu libaki zima.

Kwa hiyo nimeamua. Kwetu ukivuka mpaka wa mama mkwe unapeleka kitu cha kuusimamisha tena. Jumamosi nitampelekea blanketi, lile zito. Nasimiyu ataniuliza blanketi la nini kiangazi hiki, na bado sijui nitamwambia nini. Labda nimwambie ukweli. Lakini mpaka pale pa kuvutwa tu.

Kwa sababu kuna kingine ambacho hata mama hakukisema, na aliona vizuri kuliko mimi. Pale ng'ombe hunywea bwawa ni la kina kidogo. Nilipokuwa nimelala nikikohoa niliangalia gauni lake, nikaona lilipolowa. Lililowa mpaka magotini.

Ningesimama tu.