Marehemu Aliyekwenda Kukata Leseni

Mdogo wangu,

Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, nilipoteza uhai wangu nikiwa nimesimama kwenye dirisha la leseni. Hujambo lakini? Shemeji na watoto hawajambo? Mimi ni mzima, presha tu imepanda, na aliyeipandisha ni wewe.

Karani aliniambia leseni ya karakana yangu ya miwani haiwezi kuhuishwa kwa kuwa mwenyewe alifariki miaka minne iliyopita, imo gazetini. Nikamwambia mwenyewe ndiye huyu anayemkodolea macho. Akasema, pole bibi, kusimama hapa si kielelezo. Kufungua gazeti, nakuta tangazo la ile kamati ya majina ya mwezini ambayo wewe ni katibu wake: shimo la mwezini lililochimbwa na kimondo, upana kilomita thelathini na moja, kuta zimeporomoka ngazi tatu, kilima katikati, limepewa jina la marehemu dada yako.

Nilipokupigia ulicheka. Ukasema sharti ni jina la mtu aliyekufa si chini ya miaka mitatu iliyopita, nawe ukaandika minne ili kuwe na akiba. Akiba ya kifo! Ukaniuliza ni wangapi wana shimo lao mwezini. Nikakujibu kila mtu lake linamngoja, lakini kwa zamu. Tangu siku hiyo wateja kumi na wawili wamekuja kunililia. Walioleta miwani, sifuri.

Sasa nikwambie lililonikaa kooni, maana nikikulaumu peke yako nitakuwa nyani haoni kundule. Vipimo vya shimo lile, vilivyonipa sifa mpaka jina langu likafaa kupelekwa mwezini, si vyangu. Mimi nilisaga vioo vya darubini, basi. Aliyepima kivuli cha kile kilima miezi kumi na moja mpaka akapata urefu wake, mita mia tisa na arobaini, ni Mama. Alipotutoka nilipeleka daftari lake kwenye chama cha wataalamu wa nyota. Mwenyekiti wao akadhani vipimo ni vyangu, akanipongeza mimi, nikanyamaza. Makofi niliyopigiwa siku ile ndiyo yaliyoijaza karakana wateja, nami miaka yote natamba kwamba nimejitengeneza mwenyewe.

Mama ana miaka tisa kaburini. Sharti lenu amelitimiza mara tatu, bila kughushi. Ukweli wangu nimeshaiandikia kamati. Wako umebaki, na najua unaweza kukugharimu kiti.

Nisalimie shemeji, wabusu watoto. Utaliondoa jina langu na kuandika la Mama, ndiyo au hapana? Nataka neno moja, kabla ya Ijumaa saa sita mchana.

Dada yako, aliye hai