Paa la Bwana Manukato

Wewe, acha unachofanya unisome. Nimeshuka kwenye gari la Bwana Manukato sasa hivi, shingo haigeuki.

Si unakumbuka dada alisema leo anampa huyu mnukia marashi jibu la posa, ila kwanza mimi nikampime? Basi jamaa kaja na gari la spoti, viti viwili, paa linang'oka. Kaling'oa, kalilaza nyuma ya viti. Pale pana vishikizo viwili vya kulibana, na kibandiko chenye picha ambayo hata mtoto wa chekechea angeielewa.

Nikamwambia, "Shemeji, hujalibana."

Akacheka. "Dogo, gari hili linataka dereva, halitaki msomaji." Akalifunika kwa koti lake.

Koti. Ndio usalama wenyewe huo.

Taa nyekundu ya kwanza tu, akakanyaga breki. Paa likaja zima zima likanibamiza kisogo, nikaona vimulimuli mchana kweupe.

Sasa sikia. Akashuka, akazunguka upande wangu, nikadhani anakuja kunitazama. Kumbe anapapasa paa. "Limechubuka?" Ananiuliza mimi, niliyeshika kisogo. Eti limechubuka.

Nimefika nyumbani, dada akaniwekea barafu, akauliza jambo moja: "Aliangalia nini kwanza?"

Nikasema, paa.

Kampigia palepale. Jamaa akaanza kueleza habari za mkwaruzo, dada akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akamwambia, "Pole kwa paa. Posa nimeikataa."