Karatasi ya Bwana Skelhorn

Jumatatu, 8 Machi 1886

Wewe uliyefungua daftari hili — lifunge, na mdomo wako pia. Nakuomba. Neno moja likimfikia Bwana Skelhorn, msimamizi wetu, nimekwisha. Msichana na mwanamume wa duka hili wakionekana wakitembea pamoja, wote nje, bila barua ya tabia njema. Na bila barua hiyo hakuna duka la vitambaa hapa Manchester litakalokupokea.

Jana baada ya ibada nilitembea na Edwin Thrale wa kaunta ya glavu. Hadi kwenye mfereji na kurudi! Mvua tupu. Sikuisikia.

Jumatano, 10 Machi

Nimeharibu. Mwanamke kaja kwenye kaunta yangu ya tepe, kashikashika zote, hakununua. Kisha kwa sauti ya chini: "Mimi Martha, dada yake Edwin. Nimekuja kumwona huyo anayemfanya ndugu yangu asile." Akacheka, akaenda zake.

Nami nikamwacha aende! Hapa mteja haondoki mikono mitupu kabla hujamwita msimamizi aje kumbembeleza. Hata aliyeanza kazi leo anajua.

Skelhorn akafika mbio. "Bi Pybus, yule mama kakosa nini?"

"Rangi, bwana. Kijani."

Nyuma yangu tepe za kijani za aina kumi na saba.

"Mwenzangu," Nora wa kaunta ya pili akaninong'oneza, "hata uongo huwezi?"

Alhamisi, 11 Machi

Kumbe jana Skelhorn alimfuata Martha kwa macho, akamwona akiongea na Edwin mlangoni. Leo asubuhi kamwita Edwin amweleze yule mwanamke alitaka nini kwangu. Edwin kasema yeye ndiye aliyekuwa akinisumbua, mimi nilimkataa. Uongo — kwa ajili yangu! Kufika saa sita hayupo, kaondoka na sanduku lake.

Kisha nikaitwa mimi. Karatasi imeshaandikwa: Thrale alimsumbua Hester Pybus. "Tia sahihi, binti, urudi kwenye tepe zako." Nikitia, nabaki. Jina lake litachafuka maduka yote. Nimeomba hadi kesho.

Ijumaa, 12 Machi

Asubuhi. Karatasi iko kitandani, huku juu ya duka tunakolala wasichana; wino upo. Nora anafunga vifungo vyangu vya mgongoni huku akinigombeza: saini, mjinga wewe, Edwin mwenyewe kataka! Kweli, kataka. Naogopa uso wa baba kule Louth. Naogopa ngazi hizi. Nimechovya kalamu mara tatu, nikaishia kuandika humu.

Skelhorn anaita kutoka chini. Tena.

Nora, daftari nakuachia. Barua zangu zikija usizirudishe nyumbani. Niletee kwa Martha Thrale, Ancoats, nyuma ya kiwanda cha kamba, nyumba ya nane. Pitia uani — mlango wa mbele umevimba, haufunguki. Bisha kwa nguvu. Niite kwa jina langu, mimi mwenyewe nita