Mwenye Ovaroli Alikuwa Ni Mimi

Mpendwa Mshauri, naomba msaada wako, na naomba upesi, maana neno lililotoka kinywani mwangu mwenyewe laweza kumfunga mtu asiye na kosa, na tangu nilitamke siwezi hata kupika, ugali unaungua nami nimesimama pale pale naukodolea macho.

Mimi ni mke wa mtu wa reli, tunakaa Gilgil katika nyumba za stesheni, na mume wangu Obura ana pikapu kuukuu ambayo siku zake za mapumziko huenda nayo Ndabibi kuchukua kabeji za wakulima na kuzipeleka sokoni Nakuru, na gari hiyo ndiyo inayosomesha watoto wetu. Hivi majuzi akipanda mlima kutoka Naivasha gari ikachemka, maji yakaruka kutoka kwenye rejeta, injini ikaanza kukohoa na kutoa moshi mweupe, ikabidi ivutwe na lori mpaka nyumbani. Obura akasema ni gasketi imeungua, lile bamba la shaba linalokaa kati ya injini na kichwa chake ili maji na moto visikutane, na akasema hataki fundi, ataifungua mwenyewe nyuma ya nyumba kwa sababu aliwaona wenzake wakifanya hivyo wakati wa vita kule Burma. Basi akafungua, nami nikawa namshikia spana, naosha kila nati kwa mafuta ya taa na kuzipanga juu ya gunia kwa mpango ule ule zilivyotoka, naye ananieleza kila kitu kwa furaha, na nakwambia kweli Mshauri, tangu tuoane sijapata kuongea naye vizuri kama siku zile. Tulipoinua kichwa tukaona gasketi imeungua nyeusi kati ya matundu mawili. Akaenda Nakuru akanunua mpya, akaitundika ukutani ili watoto wasiikanyage.

Kabla hajaifunga ikaja telegramu kwamba mjomba wake amefariki kwao Alego, akapanda treni akaenda, gari ikabaki wazi chini ya turubai. Huko akakawia kwa mambo ya matanga, na huku mvua ikaanza, na turubai lile limetoboka. Nikaenda kuchungulia nikakuta maji yametulia juu ya pistoni na kutu imeanza kushika ndani ya silinda, nikashtuka sana, maana Obura alikuwa ameniambia kutu ikikaa mle injini imekufa. Nikangoja mvua ipungue, nikavaa ovaroli yake ya zamani na kofia yake kwa sababu mtu hawezi kuinamia injini na gauni, nikakausha maji yote kwa kitambaa, nikasugua kutu, nikapaka oili, nikakwangua uso wa injini na uso wa kichwa kwa kisu cha jikoni mpaka vikang'aa. Gasketi niliiweka mara ya kwanza ikiwa imegeuka, nikaona imeziba tundu moja dogo la maji, nikaitoa nikaigeuza. Kile kichwa watu wanasema ni kizito lakini si kizito kuliko debe la maji ambalo nabeba kila siku. Ndani ya pakiti ya gasketi mlikuwa na karatasi yenye picha, nati zimepewa namba kuanzia katikati kwenda pembeni, nami kusoma namba najua, nikazikaza kidogo kidogo kwa kuzirudia kama picha ilivyoonyesha, nikajaza maji, nikashika hendeli ya kuwashia nikazungusha.

Ikawaka! Mshauri, nilipiga kelele mpaka watoto wakakimbia nje wakidhani nimeungua. Nikakaa chini kwenye matope nacheka na kulia. Sikumwambia mtu, nilitaka Obura awe wa kwanza kujua.

Siku aliyorudi nilisikia treni inaingia, nikaenda nikawasha gari, nikasimama kando yake nimevaa gauni langu la kanisani, namngoja. Alipotokea pembeni mwa nyumba akaiangalia injini inanguruma, akaniangalia mimi, na sanduku likamponyoka mkononi. Nikadhani ni furaha.

Akaniuliza, "Nani alikuwa hapa?"

Nikasema, "Hakuna mtu. Nimeifunga mimi."

"Akeyo, nakuuliza nani alikuwa hapa."

Kumbe Khisa, jirani yetu anayeangalia signali, alikuwa amemkuta kwenye platifomu akamwambia kwamba akiwa juu ya mlingoti anapangusa taa aliona mwanamume mwenye ovaroli na kofia nyuma ya nyumba yetu, tena zaidi ya mara moja, na mimi sikuonekana nje.

Nikamwambia, "Yule mwenye ovaroli alikuwa ni mimi. Ovaroli yenyewe ni yako, njoo uione ilivyojaa oili."

Akacheka, lakini kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwake. Akasema, "Mwanamke amefunga injini? Wewe?" Nikamweleza habari ya gasketi kugeuka, nikamweleza namba za karatasi, na kila nilivyozidi kueleza ndivyo alivyozidi kukasirika, akasema huyo fundi amenifundisha vizuri na maneno ya kusema. Tangu hapo hakula chakula changu. Akasema atanirudisha kwa wazazi wangu Ugenya na watoto watabaki, na binti yetu mkubwa Anyango akasikia akaanza kulia. Akasema, "Taja jina tu, ukitaja jina nitakusamehe, lakini uongo sitaki." Kila siku neno ni hilo. Nikachoka, Mshauri, nikaogopa kwa ajili ya watoto, nikataja jina. Nikasema ni Nderitu.

Nderitu ni fundi Mkikuyu ambaye zamani alikuwa na kibanda hapa Gilgil, na serikali ilipotangaza Hali ya Hatari na kuwahamisha Wakikuyu, akapakiwa kwenye lori pamoja na wenzake wakarudishwa kwao Nyeri. Mimi nilimtaja yeye kwa sababu niliamini yuko mbali na hatarudi, nikaona jina lake ni kama jina la mtu asiyekuwepo. Hajawahi kunigusa hata mkono.

Obura akasema polepole, "Vizuri. Mkikuyu anatembea Gilgil bila pasi ya serikali. Hiyo si kazi yangu tena, hiyo ni kazi ya D.O., ofisa wa wilaya."

Na Jumapili kanisani nikasikia kwamba Nderitu yuko! Amepewa pasi, anatengeneza matrekta kwenye shamba moja huko huko Ndabibi, ana mke na watoto wadogo, na pasi yake inamruhusu kukaa shambani tu. Wakiambiwa amekuja Gilgil watamfunga. Na mimi nikisema nilidanganya, Obura atasema sasa namtetea mpenzi wangu. Nikinyamaza mtu anapotea, nikisema nyumba inavunjika. Nifanye nini?

Mke wa Mtu wa Reli, Gilgil

JIBU

Mama, barua yako niliisoma nimekaa, nikasimama, nikaisoma tena nimesimama. Majina yote nimeyabadili, na jibu hili nimekutumia kwa posta siku ile ile bila kungoja gazeti, kwa sababu jambo lako halingoji.

Kwanza nikuambie kwamba nakuamini. Nilikwenda kwa fundi mmoja hapa mjini nikamsomea ulivyofanya kazi ile, naye akaacha chai yake ikapoa. Akasema mtu hawezi kubuni habari ya gasketi kugeuzwa na tundu la maji kuzibwa. Hiyo anaijua aliyeishika kwa mikono yake. Akauliza kama unataka kazi. Kwa hiyo usione haya kwa kufunga injini. Uliokoa mali ya nyumba yako, ukastahili kushukuriwa, na badala yake ukahukumiwa. Nimeumia pamoja nawe.

Sasa nikukemee. Ulitaja jina la mtu! Unasema ulilichukua kama jina la mtu asiyekuwepo. Mama, hakuna mtu asiyekuwepo. Yule aliyepakiwa kwenye lori mbele ya macho yako alikuwa yuko mahali fulani siku zote, anatafuta namna ya kurudi kwenye kazi yake. Wewe uliogopa kurudishwa kwenu, na hofu hiyo naielewa, lakini uliitua kichwani kwake, na yeye ana mengi ya kupoteza kuliko wewe.

Unaniuliza useme au unyamaze. Hilo si swali, nawe wajua. Utasema, na utasema leo, lakini usiseme ukiwa peke yako na Obura, maana mkiwa wawili atasikia tu kile anachokiogopa. Mwite ndugu yake mkubwa, kama anaye, na mzee mmoja wa kanisa. Sema mbele yao kwamba Nderitu hakuja, kwamba ulimtaja kwa hofu. Obura akisema unamtetea mpenzi, usibishane naye. Vaa ile ovaroli, chukua spana, fungua kichwa cha injini mbele yao mchana kweupe, kisha kifunge. Fundi wangu anasema gasketi iliyokwisha kubanwa isiaminiwe mara ya pili, kwa hiyo nunueni nyingine kwanza. Na kama jina limekwisha kufika ofisini, usimtume mtu. Nenda mwenyewe ukalifute.

Na wewe Obura, ukisoma haya: ulimfundisha mke wako siku kadhaa, ukafurahi alivyokusikiliza. Je, ulidhani hasikii?

BARUA YA PILI

Mpendwa Mshauri, nakuandikia mambo yalivyokwenda.

Jibu lako lilipofika nilimwita Ogola, ndugu mkubwa wa Obura, akaja kutoka Nakuru na gasketi mpya, akaja na mzee wa kanisa. Nikasema kama ulivyoniambia. Obura akaruka, "Mnaona? Sasa anamficha!" Ogola akamwambia, "Kaa chini. Mpe spana." Nikavaa ovaroli na kofia, na nati ya kwanza ikanianguka. Nikiwa nimeinama nimekitoa kichwa, Khisa akatoka stesheni akaona kikundi cha watu, akaja mbio kutoka nyuma yangu, akapaza sauti, "Huyo huyo! Mmemkamata! Ndiye yule mtu niliyemwona!"

Nikageuka nikavua kofia.

Khisa akarudi nyuma mpaka akagonga ukuta. Obura aliniangalia usoni, akaangalia mikono yangu, akaja akaokota ile nati iliyoanguka akaipangusa kwa shati lake. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Nimekwisha kumpeleka. Juzi nilipeleka jina lake."

Mshauri, walikuwa wamekwisha kumchukua. Tuliacha injini wazi, tukaenda mimi na Obura ofisini kwa D.O. Nilimwambia ofisa kwamba nilidanganya, akapiga meza, akasema anaweza kunifunga mimi, Obura akasema kama ni kufunga afungwe yeye aliyeleta jina. Tuliwekwa kwenye benchi kutwa nzima. Jioni wakamtoa. Alikuwa pekupeku, jicho moja limevimba, na mkanda wa suruali ameushika mkononi. Obura akasimama akamwambia, "Mimi ndiye nilileta jina lako." Nderitu akampita. Aliniangalia mimi, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mama Anyango, mimi nilikukosea nini?"

Akaenda zake bila kungoja jibu. Pasi wamemrudishia, lakini sasa mwenye shamba anasema hataki mtu wa maneno, na sijui kama atamwacha afanye kazi. Obura anakula chakula changu tena, tena siku tuliporudi kuifunga injini alinishikia taa na spana mwenyewe. Lakini mimi lile swali nalisikia nikilala na nikiamka. Nimjibu nini?

JIBU

Mama, nilitaka kukupongeza kwa Obura, lakini kalamu imekataa.

Swali la Nderitu ni rahisi kulijibu. Hakukukosea kitu. Nendeni Ndabibi wewe na mumeo, mkamwambie hivyo mbele ya mke wake na watoto wake, maana nao waliona baba yao akichukuliwa. Kisha nendeni kwa yule mwenye shamba, mkasimame mlangoni kwake mpaka awasikilize, mumwambie mtu huyu hana maneno, maneno yalikuwa ya kwenu. Akiwafukuza, rudini tena. Nderitu akikataa kukusamehe, usimsihi na usilie mbele yake. Hiyo ni haki yake. Wala usikae nyumbani ukitafuta maneno mazuri ya kumwambia. Kesho kuna gari, na gari ni nzima. Nendeni.