Nilikuwa Nawaambia Mama Yako Hajambo

Naomi, shoga yangu,

Desturi ya barua ni kujuliana hali kwanza. Yako siwezi kuiuliza, na yangu nitakueleza kama ilivyo: nimechoka. Nimechoka mgongo, nimechoka mikono, nimechoka hata kusema kwamba nimechoka. Ungekuwepo ungecheka, ukasema Rukia kwa kulalamika hujambo. Basi cheka huko uliko.

Niko kwako Pongwe. Tulipokwisha kukuzika niliacha chumba changu cha Chumbageni nikahamia hapa na mama yako, maana uliniomba ukiwa kitandani na mimi nikaitikia bila hata kufikiri. Nilidhani ni kazi ya kumpikia uji na kumpeleka kanisani Jumapili, mimi nikamsubiri nje na mtandio wangu. Sasa hatoki tena. Miguu imekataa. Namwinua, namwogesha, namgeuza asipate vidonda, kisha nakimbilia shule kusahihisha insha za watoto wasiojua kuweka nukta, na kila mapumziko narudi mbio kumgeuza na kumpa maji. Na kila jioni anauliza, Naomi karudi? Mwanzoni nilimwambia ukweli, akawa analia upya kama ndiyo kwanza anasikia. Siku hizi namwambia bado yuko shule. Unisamehe.

Nakumbuka ubishi wetu wa chumba cha walimu, wewe na biolojia yako, mimi na Kiswahili changu. Tulikuwa tumetoka kumzika mlinzi wa shule, nikauliza kwa nini watu huacha shughuli zao wakamchimbia kaburi mtu wasiyemjua hata ukoo wake. Nilitegemea utaniambia ni dini. Wewe ukaweka chai chini ukaanza habari za sokwe. Sokwe jike akizaa, ulisema, hampi mwenzake kushika kichanga chake, miezi na miezi. Binadamu je? Mtoto hajakauka vizuri, tayari ameshapita mikononi mwa shangazi, jirani, na mgeni aliyeingia kuomba maji. Mtoto wa mtu anachukua miaka mingi kabla ya kujilisha mwenyewe, na mama peke yake porini asingemuweza. Kwa hiyo sisi, ulisema, ni uzao wa wale wa kale waliokubali kupokezana watoto, na ni humo katika kupokezana ndimo tulimojifunza kusoma nyuso, kuoneana huruma, kumpa hata asiye wetu.

Nikakutania, kwa hiyo huruma yangu nimeirithi tu, kama pua? Na Mungu umemweka wapi? Wewe, mwimbaji wa kwaya, ukasema Mungu hana haraka na kazi yake anaijua mwenyewe. Kisha ukanihadithia mama yako alivyokuwa akianika mkonge kutwa, nawe umeachwa kambini kwa mwanamke yeyote aliyekuwa mzazi wakati ule. "Hata sijui nimenyonya kwa wangapi," ulisema, tena kwa kujivuna.

Hilo nililisahau, Naomi. Hapa mtaani kila nikipita nasimamishwa: mgonjwa anaendeleaje? Nami, kama tulivyolelewa, najibu hajambo, tunashukuru. Huwezi kumtwisha mtu machungu yako njiani hata hajatua ndoo. Wanaitikia alhamdulillahi, wanakwenda zao. Nikawa nawanung'unikia moyoni, eti watu wa siku hizi hawana utu. Kumbe na wenyewe walikuwa wakisema mwalimu amejitosheleza, hataki watu ndani kwake.

Mwisho nikampigia simu kaka yako Elia kule Maramba, aje amchukue mama. Hakunilaumu. Alisema Jumamosi atakuja na gari. Lakini wote wawili tulijua kwamba yeye na wanawe wanashinda shamba, na mama atakuwa peke yake ndani kutwa, bila wa kumgeuza wala wa kumpa maji. Nilikata simu nikakaa jikoni mpaka moto ukazima.

Alhamisi asubuhi Bi Mize, yule Mpemba wa vitumbua, akanisimamisha kama kawaida. Shikamoo, marahaba, mgonjwa hajambo? Nikafungua mdomo niseme hajambo, kikatoka kilio. Nililia barabarani, mwalimu mzima na mfuko wa madaftari. Nikamwambia hajambo yangu ni uongo, siwezi tena, Jumamosi anaondoka.

"Kha! Wataabika peke yako na sisi tupo?" akasema. "Sasa mbona hukunena, mwanangu?" Alikuwa amekasirika kweli kweli.

Jioni akaja, mgongoni kambeba mjukuu wake mchanga. Alitaka tubadilishe mashuka, hakuona pa kumweka mtoto, basi akamweka mapajani kwa mama yako, pale kitini. Nilishtuka, nikanyoosha mikono nimdake. Mama yako, ambaye hakumbuki jina langu wala kama amekula, alipitisha kiganja chini ya kichwa cha yule mtoto akakishika barabara. "Wa nani huyu?" akauliza. Hakungoja jibu. Alikwishaanza kumbembeleza kwa Kishambaa.

Nilitoka uani nikakulilia, kwa sababu wewe ndiwe uliyestahili kuyaona yale.

Elia nimemwambia asije na gari, aje kusalimia. Bi Mize sasa anashika asubuhi, na jioni wanapokezana mke wa fundi cherehani na wenzako wa jumuiya ya kanisa. Usidhani mambo yamekuwa matamu. Wanaongea mno, wanahamisha masufuria yangu, na kuna mmoja anayemaliza sukari. Usiku bado ni wangu, na bado nimechoka. Ila jana nililala mchana kidogo, nikaota tunabishana.

Pumzika, shoga yangu. Siwezi kukuahidi kwamba mama atapona, maana hatapona, wala kwamba sitachoka. Nakuahidi hili tu: atakayeniuliza kama mama hajambo, nitamjibu ukweli. Na akiwa na mtoto mgongoni, nitamwambia aingie, ampe mama ashike.

Wako,
Rukia