Tairi Chini ya Kitanda

Jumatatu, 8 Machi 1993

Nimepangusa tairi. Zote tano. Nimezivuta moja moja kutoka chini ya kitanda, nimezifuta vumbi, nimezipitishia kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, nimezirudisha. Zinang'aa kama siku niliyozipokea. Mke wangu, Mama Kulwa, amefungua dirisha. Kila mwezi tangu 1983 chumba kinanuka mafuta ya taa. Ameshazoea. Au ameshachoka, sijui.

Baada ya hapo sikufanya kitu. Nimekaa kibarazani nikiitazama Landrova. Niliinunua mnadani mwaka juzi, mali ya mradi uliofungwa, kwa sababu moja tu: tairi zangu zinaiingia. Watu wa Kiseke wanacheka hadi leo. Mwalimu alipata tairi kwanza, gari baadaye. Wanacheka kwa sababu wamesahau miaka ya uhaba. Nilikuwa na kibali cha kununua mkononi, foleni imezunguka jengo, zamu yangu imefika, na kilichokuwepo siku hiyo ni tairi. Nikatae? Nirudi lini?

Mvua haijanyesha. Sina hamu ya kula.

Jumatano, 10 Machi

Anselmi amekuja. Nilimfundisha jiografia Sengerema, alikuwa analala darasani. Sasa ana ofisi ya utalii mjini, yenye feni na picha za simba ukutani. Amenipa shikamoo kwa adabu zote, amekunywa chai, halafu amesema shida yake.

Ana Wazungu wawili, mtu na mkewe, wanaopenda kutazama ndege. Serengeti wameshaiona. Wanataka magharibi: kuvuka kwa kivuko cha Busisi, kupita Sengerema na Geita, kushuka hadi ufukweni Nkome, kulala kwenye mahema. Barabara ni mawe, mashimo na matope. Madereva wake wa mjini hawazijui. Mimi nazijua. Safari hii ikienda vizuri, safari zote za upande ule zitakuwa zangu.

Kisha akazunguka gari, akazipiga teke tairi za mbele. Vipara vitupu.

"Mwalimu, hizi hapana."

Ameniachia malipo ya awali ninunue mpya. Sikumwambia kilichopo chini ya kitanda. Nilitaka siku ya safari azione zenyewe.

Tangu nistaafu hakuna aliyenihitaji kwa jambo lolote. Mke wangu anauza dagaa sokoni Igogo, ndizo zinazotulisha. Mimi nafagia uwanja. Leo nimefurahi hadi nikaona aibu.

Jumamosi, 13 Machi

Nimekwenda dukani kwa Bwana Jivan. Duka lile lile ambalo zamani rafu zake zilikuwa na chumvi na viberiti. Leo huwezi kupita. Tairi zimepangwa hadi darini, za Japani, za Dubai, za nchi ambazo hata mimi nikiulizwa ramani nitasita. Nyembamba, pana, za kashata kubwa, yale meno ya tairi, kwa matope, za kashata ndogo kwa lami. Rimu zinazometameta. Taa za ukungu. Winchi. Madumu ya petroli ya rangi ya jeshi. Hakuna kibali, hakuna foleni. Unaingia, unaonyesha kidole.

Kitu hicho kilinitia hasira. Miaka ile tuliomba, tuliandika, tulisubiri, tulinyenyekea. Kumbe vitu vilikuwepo duniani muda wote.

Jivan alinishauri tairi nyembamba zenye kashata ndefu. Anasema pana ni za kujionyesha, kwenye matope zinaelea, nyembamba zinauma chini. Nikamwambia ninazo, mpya kabisa, za kibali. Akauliza nimezitunzaje. Nikamweleza kwa majivuno, hadi ya mafuta ya taa.

"Mwalimu, mpira kama mkate. Hata kama hujala, nakauka. Na mafuta ya taa nakula yeye ndani kwa ndani. Wewe chukua hizi, nyingine tupa."

Nitupe! Mfanyabiashara atasema nini kingine? Ana ghala la kumaliza. Sikumjibu vizuri. Fedha ya Anselmi nimenunulia vingine: rimu nne, keria ya kupakia mahema, ngao ya chuma ya mbele, madumu, koleo na kamba nene. Vyote nilivichagua mwenyewe, na sikupanga foleni hata mara moja. Nimerudi nyumbani nimechoka kama niliyetoka msibani.

Jumanne, 16 Machi

Tairi zimetoka chini ya kitanda. Fundi amezivisha rimu mpya. Gari limesimama juu, limekuwa gari la mtu. Watu walikuja kutazama, na safari hii hawakucheka.

Mama Kulwa naye alikuja, mikono ina magamba ya dagaa. Akapitisha kidole kati ya kashata. Akasema, "Baba Kulwa, mbona kuna nyufa?" Nikamwambia ni vumbi. Akasema vumbi halina kina.

Nilimkaripia mbele za watu. Nikamuuliza yeye na sanduku lake je? Maana naye analo. Lina vitenge alivyovipata foleni miaka ile ile, mashuka, vikombe na sahani zake, vyote vya siku ya maana ambayo haijafika. Mimi sijawahi kumuuliza kina cha vumbi lake. Ameondoka. Jioni amenipakulia chakula vizuri tu, na hiyo imeniuma zaidi.

Ijumaa, 19 Machi

Mvua ya kwanza kubwa. Nimeendesha hadi Igoma na kurudi. Kuna mtetemo kwenye usukani. Fundi anasema ni mizani ya rimu. Nimekubali haraka.

Jumapili, 21 Machi

Sikwenda kanisani. Nimekaa na tairi. Ukiinama na jua likiwa upande, nyufa zinaonekana, nyembamba, zimezunguka ubavuni. Ukisimama hazionekani.

Nimesimama.

Ningeweza kesho kwenda kwa Jivan kukopa tairi. Ananifahamu, angenipa. Siwezi. Zile tairi ni kitu pekee nilichowahi kukipata kabla ya wengine. Kama si nzuri, basi nililala juu ya nini miaka yote hii?

Alhamisi, 25 Machi

Kando ya barabara, mbele ya Sengerema. Naandika nikiwa nimekaa juu ya dumu.

Tulivuka Busisi asubuhi. Wazungu walikuwa wachangamfu, mama wa Kizungu alipiga picha korongo na ngao yangu. Jua lilipopanda, barabara ikapata moto. Tairi ya mbele kushoto ililia kama bati linalochanwa. Kashata zote zilibanduka kwa pamoja, zikapiga bodi, gari likaenda mtaroni. Mama yule aligonga kichwa kwenye dirisha. Alitoka damu juu ya jicho. Alisema si kitu, si kitu, huku akikandamiza kidonda kwa kitambaa.

Niliweka ya akiba. Ni ndugu yake, ya kibali ile ile. Haikufika mbali. Sasa za nyuma nazo zimevimba ubavuni, ukizitazama unaona zinapumua.

Sina tairi nyingine. Vile vipara nilivitupa kwa furaha.

Lori la sangara limewachukua wageni kuwarudisha Sengerema, wamekaa mbele na dereva, mizigo yao juu ya barafu. Mume hakunigombeza. Alinipa mkono. Afadhali angenitukana.

Nimebaki na gari. Mawingu yamefunga. Naogopa, na nina aibu kuliko hofu.

Jumatatu, 29 Machi

Nimerudi nyumbani. Gari limevutwa na trekta hadi misheni ya jirani, lipo huko juu ya mawe, bila tairi; zilizosalia nimerudi nazo.

Nimekwenda ofisini kwa Anselmi kabla hajaniita. Wageni alishawapeleka Nkome kwa gari la kijana mmoja, gari la mtumba kutoka Japani, tairi za Dubai. Walifika salama. Wamewaona ndege wao. Kidonda cha mama kimeshonwa, kinapona.

Anselmi alizungumza kwa upole, macho yake mezani. Aliniuliza jambo moja tu: fedha ya tairi nilinunulia nini? Nikasema ngao. Nikasema rimu. Nilijisikia nikisema.

"Pumzika sasa, Mwalimu," alisema.

Maana yake imekwisha. Hakuna safari ya magharibi, wala ya mashariki. Aliinuka kunisindikiza hadi mlangoni, kama mtu anavyomsindikiza mgonjwa.

Nilipita mbele ya duka la Jivan. Alikuwa nje. Alinisalimia, hakuuliza. Najua anajua. Mji mzima unajua.

Ijumaa, 2 Aprili

Nilipakia tairi tatu zilizosalia bila kupasuka kwenye mkokoteni, nikazipeleka Igogo kwa mzee anayechonga katambuga, vile viatu vya tairi. Niliona angalau watu wavae. Akachomeka kisu, akavuta. Kipande kikakatika mkononi mwake, kikawa unga unga mweusi. Akajaribu upande wa pili. Hivyo hivyo. Akanitazama kwa huruma, akasema hata viatu haziwezi, kamba hazitashika. Akaniuliza zilitumika wapi zikachakaa hivi.

Sikuweza kumwambia kwamba hazikutumika.

Nimeziua mwenyewe. Kwa kitambaa, kila mwezi, kwa upendo. Ningezivisha gari la mtu yeyote mwaka ule ule, zingekwenda Shinyanga na kurudi, zingebeba pamba, wagonjwa, maharusi, zingeisha kwa heshima. Nimekaa nazo kama kuku anayelalia mawe.

Usiku sikulala. Kitanda kimekuwa juu bila sababu. Tulikiinua kwa matofali ili tairi ziingie. Sasa chini ni upepo mtupu. Mama Kulwa naye alikuwa macho, nilimsikia.

Jumapili, 11 Aprili. Pasaka

Jana niliondoa matofali. Kitanda kimeshuka. Mama Kulwa amekaa pembeni, miguu yake imegusa sakafu. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba miaka yote hiyo miguu ilikuwa inaning'inia.

Nilimwomba radhi kwa yale ya siku ile, mbele za watu. Akasema, "Yameisha, Baba Kulwa." Nadhani hayajaisha, lakini alisema.

Leo alfajiri amefungua sanduku. Hakuniuliza, sikumuuliza. Ametoa kitenge cha bluu chenye maua, kile alichokipangia foleni akiwa na mimba ya mapacha. Karatasi ya duka ilikuwa bado imekishikilia. Alipokikung'uta kikapasuka kwenye mkunjo, kutoka juu hadi karibu na pindo. Hakikuvutwa na kitu. Tulikitazama wote wawili.

Nilidhani atalia. Akakifunga kiunoni, akageuza mpasuko nyuma, akachukua kitabu chake cha nyimbo.

Nimetembea nyuma yake hadi kanisani, karibu karibu, watu wasione.