Mama mkwe amehesabu vilima vya mdalasini

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na tafadhali usianze kwa kunicheka, maana mume wangu ameshacheka kwa niaba ya wote. Mimi nafanya kazi maabara, tunapima mafuta ya mimea, na mama mkwe wangu anatengeneza mafuta ya mdalasini jikoni kwake, anachemsha, anakinga mvuke, anajaza vichupa, na miaka yote hiyo mimi kwake nilikuwa "huyo wa maabara", asiyejua kupika wala kukunja shuka, mpaka siku aliponiletea vichupa viwili, kimoja cha mdalasini wa shambani kwa jirani, kingine cha mdalasini wa porini anaouchuma mwenyewe, akasema, "Haya msomi, nipimie tuone upi ndio dawa," nami kwa kimbelembele changu nikapima.

Mashine yetu inayatenganisha mafuta, kila kemikali inaichorea kilima chake kwenye karatasi, sasa ule wa shambani ulitoa kilima kimoja kirefu, ndiyo ile kemikali inayoupa mdalasini harufu na ukali wake, na vidogo vidogo pembeni, lakini wa porini, mshauri, vilima vilijaa karatasi nzima, kuna ile ya karafuu, kuna nyingine hata sizitambui, na katikati yao kimesimama kilima kikubwa cha kafuri. Nikampelekea karatasi, nafungua mdomo nimweleze, yeye ameshavaa miwani anahesabu kwa kidole, "Wa shamba kimoja! Wangu tele! Si niliwaambia?" akanikumbatia, mshauri, mtu ambaye hakunikumbatia hata siku ya harusi yangu, akaniita mwanangu mbele ya majirani, basi nikaufunga mdomo nikasema nitamweleza akitulia.

Hajatulia. Karatasi ameibandika ukutani sebuleni, kila mgeni anaonyeshwa vilima na kuambiwa "mkwe wangu amethibitisha", na mimi siku hizi nawekewa kiti karibu yake. Sasa wifi yangu amejifungua, katoto kake kachanga kana mafua, na mama mkwe ametangaza kwamba Jumapili anakwenda kukapaka mafuta yake ya porini kifuani na puani, nami najua kafuri na mtoto mchanga havikai pamoja, ila nikisema leo ataaibika mbele ya mtaa mzima na mimi nitarudi kuwa huyo wa maabara. Mume wangu anasema ninyamaze, mama ameshalea. Nimwambieje bila kumuudhi?

Mkwe wa Vilima

Mkwe wa Vilima, pole. Haya, pole imeisha.

Barua yako nimeisoma nimekaa, nikaimalizia nimesimama. Wewe mwanamke, unajua kilichomo kwenye hicho kichupa kuliko mtu yeyote katika ukoo huo, halafu unaniandikia mimi gazetini kuuliza habari ya kiti! Kafuri inaweza kumtia mtoto mchanga degedege, inaweza kumbana pumzi. Hilo unalijua. Ndiyo maana umeandika.

Naelewa utamu wa kuitwa mwanangu na mtu aliyekubeza miaka. Hata mimi nina mama mkwe, na huyo wangu usiniulize. Lakini hilo kumbatio ulipewa kwa jambo ambalo hukulisema, na kila mgeni anayeonyeshwa ukuta ule anadanganywa kwa jina lako. Yeye kahesabu vilima kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba kila kilima kina jina. Wa kumwambia ulikuwa wewe, ukanyamaza ukanywa chai.

Sasa sikiliza. Kwanza wifi yako, leo hii, kabla ya mama mkwe. Mwambie asiruhusu tone lolote limguse mtoto, la porini wala la shambani, maana hata huo wa kilima kimoja unaunguza ngozi laini. Mafua ya mtoto mchanga yanapelekwa kwa daktari. Na kama ameshapakwa, aoshwe na apelekwe hospitali hapohapo pamoja na hicho kichupa.

Ukimaliza, nenda kwa mama mkwe, mkae wawili tu, bila jirani, bila mumeo na kicheko chake. Iteremshe ile karatasi, mwekee kidole kwenye kilima cha kafuri, umwambie: "Mama, siku ile nilikupa nusu ya habari, kosa ni langu. Hiki ndicho kinachoua watoto." Mwambie pia kwamba ulipima kichupa kimoja tu, na miti ya porini kila mmoja una tabia yake, jani lake na mzizi wake havilingani, kwa hiyo vichupa vingine vyote hakuna anayejua vina nini. Mwombe asimpe mtu mpaka vipimwe. Akilia, mpe kitambaa. Akikufukuza, toka, ila utoke na vichupa.

Mumeo mwambie mama yake alilea watoto, hakulea kafuri.

Atanuna, hilo sikufichi. Atanuna mwezi, pengine mwaka, na kiti chako atampa mwingine. Mama mkwe aliyenuna utamwomba radhi mpaka achoke. Mtoto aliyekata pumzi utamwomba radhi vipi?

Weka gazeti chini, piga simu.